Pete ya Baba Kamau

Nilipoambiwa Baba Kamau amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Nilijiuliza pete iko wapi. Nilikuwa nimekaa kwenye foleni ya benki Upper Hill, na Nekesa upande wa pili wa simu alikuwa amenyamaza akinisubiri niseme pole kama watu wengine. "Prof," akaniita, jina ambalo hakuna mwingine anayeniita, "uko? Umenisikia?" Nikamwambia nimemsikia. Kisha nikauliza, "Alikuwa ameivaa?" Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Wewe bado hujapona," na akaniambia siku ya mazishi. Lakini mimi nilibaki pale kwenye kiti cha plastiki nikiwaza mochari. Nani huvua pete kule? Humpa nani? Na kidole kikiwa kimevimba? Nambari yangu ikaitwa, ikapita, nikalazimika kuchukua nyingine. Miaka imepita tangu niache kazi ile ya kutafuta pete za watu, na bado nikisalimiana na mtu mwenye pete iliyolegea, siwezi kusikiliza anachosema.

Mwaka ninaotaka kuukumbuka ni ule uliofuata kuhitimu kwangu. Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Nilikuwa na shahada ya fizikia, bahasha ya vyeti, na nusu ya chumba kimoja Mutuini. Nusu ya pili ilikuwa ya Nekesa, tuliyesoma naye, msichana wa Kakamega asiyejua kunong'ona. Jengo lilikuwa jipya, rangi bado inanuka, na dirisha letu lilitazama shamba la nepia, majani ya kulishia ng'ombe, la jirani. Pazia lilitenga kitanda na jiko la gesi. Nyuma ya mlango ilisimama mashine ya kutafutia chuma ardhini. Kaka yake Nekesa aliinunua ili atafute dhahabu kwao, ikampatia majembe yaliyovunjika na vifuniko vya soda, akachoka, akaituma Nairobi iuzwe. Hakuna aliyeitaka. Nekesa akaivalisha koti lake la mvua ili isishike vumbi, na kila nilipofungua mlango nilishtuka nikidhani kuna mtu amesimama ndani. Siku moja, baada ya mimi kurudi kutoka usaili mwingine kwenye ghorofa ya mbali ya jengo la vioo, ambako niliulizwa udhaifu wangu ni upi nikautaja kwa kirefu mno, Nekesa akaniwekea sahani ya githeri na kusema, "Prof, watu wa Nairobi wanapoteza pete kila siku. Hii kitu inalia ikiona pete. Unangoja nini?"

Akatangaza mtandaoni: Umepoteza pete ya ndoa au ya uchumba? Tupigie. Yeye alikuwa wa kuongea, mimi wa kutembeza mashine. Kazi ile ina utaratibu ambao tuliubuni wenyewe na ambao mimi niliufuata kama ibada. Kwanza, mwenye pete anarudia alichokifanya siku ile, hatua kwa hatua: alitoka wapi, alishika nini, aliinama wapi. Pili, kila aliye karibu anaondoa chochote cha chuma alicho nacho. Nekesa aliita hiyo kuvua dhambi. Alizunguka na beseni ya plastiki akisema, "Vueni dhambi zote, jameni, hata ile ndogo," na watu wakicheka walitupa simu, funguo, sarafu, saa, mikanda. Mimi nilisimama kando nikihesabu kimoyomoyo nani amebakiza nini, nikitazama visigino vya viatu na vifungo vya suruali. Kwenye kamba za kuanikia nguo za ploti yetu niliwasikia majirani, bila wao kujua niko nyuma ya shuka, wakituongelea. "Hao ni wa kutafuta dhahabu." "Dhahabu gani, si ni walinzi wa supamaketi? Sijui walitoka nayo aje hiyo mashine." "Yule mrefu ana shida. Juzi nimemsalimia, akaanza kuniangalia vidole." Yule mrefu nilikuwa mimi. Nilisubiri nyuma ya shuka mpaka waondoke, na nguo zangu zikakauka zikiwa na alama za vidole vyangu.

Sehemu nyingi tulizoitwa zilikuwa upande wa Lavington na Muthangari, kwenye nyumba zenye nyasi laini na mbwa waliofungiwa. Nakumbuka moja hasa. Kijana mmoja mpole alitupokea, akatupa chai na keki kwenye sebule yenye makochi meupe ambayo niliogopa kuyakalia na suruali yangu ya kazini. Mchumba wake alikuwa amepoteza pete bustanini, akimwagilia maua. Nikamwomba mchumba arudie alivyomwagilia. Akachukua mpira wa maji, akatembea taratibu, akainama kwa waridi, lakini mkono wake wa kulia ukawa unataka kufanya kitu kingine. Mara mbili niliuona ukirudi nyuma ya bega kama wa mtu anayerusha jiwe. Nikapeleka mashine mbali, kwenye ua wa michongoma, ikalia papo hapo. Yule msichana akanifuata mbio, akainama kama anayenisaidia kuchimba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tafadhali. Ukiipata, usinipe mbele yake. Bado sijaamua." Nilikuwa tayari nimeishika. Kijana alikuwa anakuja na sahani ya keki. Ni Nekesa aliyeniokoa, akamzuia katikati ya nyasi akimwuliza hii keki imewekwa nini, bana, ni ndizi ama ni karoti, na mimi nikamtilia msichana pete mfukoni mwa gauni. Tulimwambia kijana tutarudi. Hatukurudi. Kwa wiki nzima nilimsumbua Nekesa: tumemdanganya mteja wetu, lakini mteja ni nani, aliyetupigia au mwenye kidole? "Kula," Nekesa alinijibu. "Chapati inapoa."

Mama Kamau alitupigia msimu wa mvua. Alikuwa jirani yetu kwa kweli, boma lake lilikuwa nyuma ya lile shamba la nepia lililotazamwa na dirisha letu, ila hatukuwa tumejuana. Tulimkuta jikoni kwake, jiko la nje lenye moshi na kuta zilizobandikwa kalenda za kanisa, mwanamke mnene wa makamo, kichwani kitambaa, kiunoni aproni ya bluu yenye mfuko mkubwa mbele. Alitumiminia chai ya maziwa tupu, akatuwekea viazi vitamu, na hakuanza kusema mpaka tulipomaliza kikombe cha kwanza. Mumewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo hospitalini Upper Hill. Asubuhi ya upasuaji wakataka avue pete. Haikutoka. Hajawahi kuivua tangu siku ya harusi, na kidole kilikuwa kimenenepa kikaifunika. Wakasema wataikata. Mzee akasema wakiikata pete, basi wamwache na tumbo lake aende nyumbani. Muuguzi akahangaika na sabuni na maji mpaka ikatoka na ngozi kidogo. Mzee akampa mkewe mkononi, akamwambia, "Nitaichukua nikiamka."

"Nikaogopa kuiweka kwa pochi," Mama Kamau akasema. "Town kuna watu wa mikono. Nikaivaa hapa." Akatuonyesha dole gumba. "Nikafika nyumbani jioni, nikakata nepia, nikalisha ng'ombe, nikakamua. Asubuhi naamka, kidole kiko hivi." Akakitazama kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akasema kwamba yeye ni mtu wa kanisa, hayo mambo ya mikosi hayaamini. Alisema mara ya pili, bila kuulizwa. Na mara ya tatu, akikusanya vikombe, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini pete ya mume aliye hai, aki. Ipotelee kwangu, na yeye yuko na mipira kwa pua."

Ningetaka kuandika kwamba nilimtuliza. Ukweli ni kwamba hofu yake iliniingia yote na ikapata nyumba iliyokwisha kupangwa. Kuanzia hapo niliamini, mimi mtu wa fizikia, kwamba tusipoipata mzee atakufa. Na nilijua ni upuuzi, na kujua hakukusaidia kitu. Tulivua dhambi. Mama Kamau alitia kwenye beseni simu, funguo za stoo, bangili, na hata pete yake mwenyewe, nikaenda kuitazama beseni mara kadhaa kuhakikisha bado imo. Mwanawe Kamau, kijana wa rika letu aliyefanya kazi ya ufundi wa mabomba, akatia mkanda na spana. Kisha Mama Kamau akarudia jioni ile: lango, njia, nepia, panga, kihori cha ng'ombe, zizi. Tulimfuata kama maandamano. Mashine ililia kila mahali, maana boma la zamani limejaa chuma ardhini. Tulitoa misumari, kijiko, kufuli lisilo na funguo, waya, sarafu yenye tundu. "Kijiko changu!" Mama Kamau akafurahi kwa kitambo, akakifuta kwa aproni. Pete haikuwepo.

Ni Nekesa aliyesema, kwa mzaha wake, "Bado Karembo." Karembo alikuwa ng'ombe mkubwa wa mabaka meupe na meusi, ndiye aliyetoa maziwa mengi kuliko wenzake, na maziwa yake ndiyo yaliyoiendesha nyumba ile mzee akiwa kitandani. Pete ingeweza kuanguka kwenye nepia, ikakatwakatwa pamoja nayo, ikaliwa. Kamau akacheka. Karembo hakutaka mgeni amkaribie, alirusha teke, kwa hivyo Mama Kamau akaenda akamwegemea ubavuni kama alivyozoea, mkono mmoja mgongoni, akimwimbia kitu cha chini. Nikapitisha mashine chini ya tumbo. Ikalia. Nikairudisha, ikalia tena, ile sauti ya juu, safi, ambayo sikuisikia kwa misumari. Hakuna aliyecheka. Nikaomba kujaribu upande wa pili. Mama Kamau akabaki alipo, mimi nikazunguka. Kimya. Nikajieleza kwamba pete imelala upande ule, na tumbo la ng'ombe ni nene, mawimbi hayafiki. Yalikuwa maelezo mazuri. Niliyatoa kwa sauti, wakanisikiliza kwa heshima, na Kamau akaniuliza, "Kwa hivyo ni yenyewe?" Nikasema inalia. "Hatujauliza kama inalia, dada. Ni yenyewe ama si yenyewe?" Nikasema huenda. Niliona Mama Kamau akilichukua lile neno, huenda, na kuliweka mahali pa neno jingine.

Siku iliyofuata aliniomba nimsindikize hospitalini. "Tukiwa wawili sitamwambia," alisema. "Nikiwa peke yangu nitamwambia." Tulikaa kwenye benchi la korido tukingoja saa ya kuona wagonjwa, yeye na kikapu chake cha uji kwenye chupa, na wanawake wawili kando yetu walikuwa wakizungumza bila kupunguza sauti. "Yangu waliikata kama waya." "Ukairudisha kwa sonara?" "Sonara wa nini. Huyo mwanamume mwenyewe sijui alikokwenda." Wakacheka wakagongana mabega. Mama Kamau hakucheka. Mzee alikuwa ametolewa chumba cha wagonjwa mahututi asubuhi ile, yuko wodini, amepungua, mdomo mkavu. Alitusalimu kwa macho. Alichokuwa akikifanya mkono wake wa kushoto sitakisahau: dole gumba lilikuwa likitembea juu ya kidole cha pete, pale penye alama nyeupe iliyobonyea, likienda na kurudi, likitafuta. "Iko wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa hewa tupu. Mama Kamau akamimina uji kwenye kikombe. "Iko nyumbani," akasema. "Iko salama. Nitakuja nayo." Mzee akafunga macho, gumba likaendelea kutembea. Kwenye ngazi tukishuka Mama Kamau alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyangu vilikufa ganzi. "Karembo ataenda," akasema. "Nimeshamwita mtu wa kuchinja. Kesho."

Kamau alikataa. Alisimama mlangoni mwa jiko akamwambia mamake kwamba baba akitoka hospitalini atahitaji maziwa kuliko dhahabu, na watu watakula nini, na ng'ombe kama huyo hapatikani tena. "Mathe, ni pete," alisema. "Tutamnunulia nyingine, hatajua." Mama Kamau alikuwa akimenya viazi. Alisema, "Alikataa ikatwe wakati wanataka kumpasua. Wewe unaniambia hatajua." Basi. Mimi nilikuwa nimekalia kigoda pembeni, sufuria ya mukimo ikichemka mbele yangu, nikajua kwamba wote wawili wanasubiri nifungue mdomo, kwa kuwa ng'ombe huyu alikuwa anauawa kwa neno langu. Nilitaka kusema sina hakika. Lakini nikafikiri: nikisema sina hakika, na pete imo, nimemzuia kuipata na mzee akafa bila pete. Nikinyamaza, na pete haimo, nimemwua Karembo. Nikapima hivi, nikapima vile, mpaka mazungumzo yakawa yameisha na Kamau ametoka akipiga mlango wa bati.

Chumbani kwetu nilimweleza Nekesa lililonikera: ule upande wa pili uliokaa kimya. Nilichora tumbo la ng'ombe kwenye karatasi ya unga. Nilisema mashine yetu ama inafika hadi katikati ya tumbo, na basi ingelia pande zote mbili, ama haifiki, na basi kilicholia kilikuwa karibu na ngozi, na pete haiwezi kukaa karibu na ngozi. "Prof. Usianze," akasema. "Tumeshasema." Nikasema hatujasema, nilisema huenda. Alinitazama akitafuna, akasukuma sahani. "Sikiza. Hawa watu wameamua. Ukienda kesho kuwaambia mambo ya ngozi, watatuona wajinga, na hakuna mtu Mutuini atatuita tena." Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniumiza. Lakini nilikuwa najijua. Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kama nimefunga gesi hata nikiwa nimefika barabarani. Nisingeweza kuishi bila kurudi.

Alasiri ya siku iliyofuata mtu wa kuchinja alifika na kamba na gari lake dogo la wazi, mwanamume mchangamfu mwenye gambuti, akaanza kumsifu Karembo kama anayetafuta mchumba. Mama Kamau alimwambia angoje. Hawezi kumtoa ng'ombe na kiwele kimejaa. Akaketi akamkamua kwa mara ya mwisho, taratibu, paji la uso wake likigusa ubavu wa Karembo. Alipomaliza akaondoka na ndoo kwenda kuyachuja maziwa, haraka, bila kutazama nyuma. Mtu wa kuchinja akafunga kamba, akamshika Karembo kichwa. Hapo ndipo nilipotoka nyuma ya Nekesa na kusema nataka kupima tena.

"Si ulipima?" Kamau akasema.

"Mara moja tu zaidi."

"Huyu dada naye," mtu wa kuchinja akacheka. "Ng'ombe si gari, ati unaangalia mafuta."

Nekesa akafumba macho. Nikapitisha mashine chini ya tumbo, pale pale. Kimya. Nikapitisha tena. Nikagusisha sahani ya mashine kwenye ngozi yenyewe, mbele, nyuma, katikati. Kimya kabisa. Nikaijaribu mashine kwa kamba ya mtu wa kuchinja yenye ndoana, ikapiga kelele, basi haikuharibika. Uso ulinichoma. "Haimo," nikasema. Kamau akaweka mikono kichwani. "Haimo? Juzi imo, leo haimo? Imetokea wapi sasa, kwa matako?" Mtu wa kuchinja alikuwa anaangua kicheko, Nekesa ameshaanza kuongea na watu wawili kwa mkupuo mmoja, na mimi nilitamani ardhi yenye misumari yote ile inifunike. Mama Kamau akasikia zogo, akarudi mbio na chujio mkononi. "Ni nini? Amefanya nini?" Akapita karibu yangu kumwendea Karembo. Mashine ikalia.

Akaendelea kupita, ikanyamaza. Nikasema, "Mama, rudi hapo." Akarudi. Ikalia, ile sauti ya juu, safi. Kila mtu akamtazama. "Mimi sijameza pete ya mtu!" Mama Kamau akasema kwa hasira ya kweli, na mtu wa kuchinja akalazimika kuushika ukuta. Nikamwomba samahani, nikamwomba avue aproni. Akaivua, akaitandaza juu ya jiwe. Kwenye mfuko mkubwa mlikuwa na leso, punje za mahindi, na kikopo cha plastiki cha mafuta ya kukamulia, yale mazito ya kulainisha chuchu za ng'ombe, ambacho hakukiweka chini kamwe kwa sababu Karembo aliwahi kukilamba chote. Nilikuwa nimetazama visigino na vifungo vya kila mtu. Plastiki sikuitazama. Kikopo kilikuwa kipya. Alikifungua jioni ile aliyotoka hospitalini, akachovya mkono na gumba lake hadi chini. Nikamkabidhi Mama Kamau kikopo. Aliingiza vidole viwili, akazungusha, akasimama. Kisha akautoa mkono, mweupe wa mafuta, na pete iko juu ya ncha ya kidole.

Hakulia. Alimwambia mtu wa kuchinja, "Fungua kamba." Halafu akakaa chini pale pale kwenye nepia iliyokatwa, miguu imenyooka mbele kama mtoto, na Karembo akainamisha kichwa akaanza kulamba ile aproni.

Jioni ile ile tulikwenda wodini sote. Mama Kamau aliiosha pete kwa sabuni, akaiosha tena, akaifunga kwa leso. Mzee aliipokea, akaileta karibu na pua. "Mbona inanuka ng'ombe?" akauliza. "Nilikwambia ilikuwa nyumbani," mkewe akajibu, na Nekesa akageuka ukutani mabega yakimtikisika. Mzee alipoivaa, ile pete iliyokataa kutoka ikamzunguka kidole kama pete ya pazia, maana alikuwa amepungua sana. Mama Kamau akachomoa uzi kwenye ukingo wa leso, akauzungusha kwenye pete, akakaza. Gumba la mzee likaipata, likatulia. Mimi nilikuwa nautazama ule uzi. Nilimwambia Mama Kamau ni uzi wa pamba, ukiloa utalegea. Akaniambia, "Mami, kaa chini."

Mwaka ule ulipoisha Nekesa alipata kazi Kitale, mashine ikarudi kwa kaka yake, na mimi nikaajiriwa kwenye moja ya yale majengo ya vioo, kukagua hesabu ambazo watu wengine wamekwisha kuzikagua. Inanifaa. Sijui kama hofu yangu ni ugonjwa au ni chombo cha kazi. Siku ile ilikuwa vyote viwili, na kama ningekuwa mtu mtulivu Karembo angeliwa. Lakini kama ningekuwa mtu mtulivu, pengine ningesema sijui tangu mwanzo, na hakuna ambaye angemwita mtu wa kuchinja. Hilo nimelipindua miaka yote hii na halijakaa sawa.

Kwenye mazishi nilimkuta Nekesa hemani, amenenepa, bado hajui kunong'ona. Lile shamba la nepia sasa ni nyumba za kupangisha. Tulipomaliza kula tuliitwa jikoni, lile lile lenye moshi, kalenda mpya juu ya kalenda za zamani. Mama Kamau alitumiminia chai. Nilipoona mkono wake nikasahau pole niliyokuwa nimeipanga tangu Upper Hill. Pete ya mzee ilikuwa kwenye dole gumba lake, imezungushiwa uzi mweusi wa cherehani.

"Mama," nikasema, "si ndiyo hapo iliteleza."

"Siku hizi sikamui," akasema. "Itateleza iende wapi?"

Nekesa akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilikunywa chai, nikajitahidi kutazama kalenda, mlango, moshi. Mama Kamau akaunyoosha mkono juu ya meza, kidole mbele yangu.

"Vuta," akasema.

Nikaishika pete nikavuta. Haikusogea.

"Vuta tena," akasema, kwa kuwa ananijua.

Nikavuta tena.